Chumvi Haiombwi Usiku

Hapa Banalia, mji wetu kando ya mto Aruwimi katika jimbo la Tshopo, chakula cha kweli huanza kupikwa jua likiwa bado juu. Sombe, yaani majani ya muhogo, hutwangwa kinuni, huchemshwa, huongezwa maji, hutiwa mawese, huachwa tena motoni; anayeiharakisha hupakua majani yanayokwaruza koo. Mchele wa mashamba yetu huja na vijiwe, na vijiwe huchaguliwa mchana. Lituma, chakula ambacho mtu wa Tshopo akiwa mbali hukitaja kabla hajataja majina ya ndugu zake, hutaka ndizi zichemke, kisha zipondwe zikiwa moto. Nani atapiga mchi saa tano za usiku na majirani wamelala?

Muhogo ndio usiseme. Huu wetu mchungu hulowekwa siku kadhaa, huanikwa, hutwangwa, ndipo mtu aule kwa amani. Waliozikosa hatua hizo wamezikwa kwenye kingo za mto huu huu wa Aruwimi. Mnamo Juni 1887 mvumbuzi Henry Morton Stanley aliacha kikosi cha nyuma cha msafara wake huko Yambuya, upande wa chini wa mto, kikiongozwa na Meja Edmund Barttelot. Wengi wa wapagazi walikuwa watu wa Unguja. Walikaa miezi na miezi wakila muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo, na sumu yake, pamoja na maradhi na njaa, ikawapukutisha. Barttelot mwenyewe alipigwa risasi hapa Banalia mwezi Julai 1888. Stanley alipofika mwezi uliofuata alikuta mabaki ya kikosi. Zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa. Vitabu hupenda kuisimulia ile risasi. Mimi, mtu wa jikoni, huwafikiria zaidi wale vijana wa pwani waliokaa mbele ya chungu wakidhani wanakula.

Kwa hiyo nikisema kwamba katika mji wetu mgeni wa usiku ni mtihani, sitanii. Na katika mtihani huo chakula kinachotuokoa ni kimoja, nacho ni spageti. Wazee wengi huziita chakula cha watoto. Mimi nazitetea. Ngano haistawi katika msitu wetu wenye maji mengi, kwa hiyo kila pakiti inayofika hapa imesafiri kuliko wengi wetu: ama imepanda mto kutoka Kinshasa, safari inayozidi kilomita 1,700 hadi Kisangani, ama imeingia kwa lori kutoka Uganda kupitia Kasindi, Beni, Komanda, Nia-Nia na Bafwasende. Kutoka Kisangani kuna kama kilomita 130 nyingine, na kwenye kipande hicho mvua ndiyo hupanga ratiba. Chakula kilichotoka mbali kiasi hicho na kikaiva kwa dakika kumi hakistahili kudharauliwa.

Usiku ninaousimulia ulikuwa wa mvua ya Oktoba, ile isiyo na radi nyingi lakini isiyochoka. Mume wangu alikuwa Kisangani kwa shughuli zake. Nyumbani tulikuwa mimi, watoto, binti wa wifi yangu anayesoma hapa, na mama mkwe, ambaye hulala usingizi mwepesi na husikia kila kitu. Yeye ndiye aliyesikia hodi.

"Hodi, Mama! Hodi!"

"Karibu, baba. Uko na nani?"

"Niko na mzee mmoja, abiria wangu. Tumelowa, Mama."

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayebeba watu na mizigo kwa pikipiki. Walifika mtoni giza limeshaingia, na kivuko hakitembei usiku. Wakaiacha pikipiki kwa mtu wanayemwamini, wakavuka kwa mtumbwi mvua ikiwapiga, mzee yule ameshika kifurushi chake kichwani kama kofia. Tangu asubuhi walikuwa wamekula karanga tu.

Tukawapa vitambaa vikavu na viti. Mama mkwe akanivuta pembeni. Huniita mama, nami humwita Mama, ndivyo tunavyoishi.

"Mama, jikoni kuna nini?"

Sombe ya jioni ilikuwa imeliwa, sufuria imeshaoshwa na kufunikwa. Mchele ulikuwepo kwenye mfuko, haujachaguliwa. Pakiti mbili za spageti zilikuwa zimening'inizwa kwenye msumari juu ya ukuta, ndani ya mfuko, kuziepusha na panya. Panya wa Banalia hupanda ukuta wa udongo kwa urahisi. Moja ilikuwa imetobolewa chini, spageti zimekatwa vipande vifupi vilivyochanganyika na unga na uchafu wa panya, nikaitupa yote. Nyingine ilikuwa nzima.

"Ni spageti, Mama."

"Basi ni hizo. Nyumba ya marehemu baba yao haijawahi kulaza mgeni na njaa."

Jiko letu ni la nje, paa la majani. Siku hiyo lilikuwa limevuja mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa ya gunia la makala. Makala yaliyolowa hayawaki; hulia, hutoa moshi, hukujaza macho machozi, na yakipasuka hurusha cheche mguuni. Tukaihamishia mbabula, jiko letu la makala, barazani chini ya bati. Binti akaleta nyuzi za ngazi, yale makapi ya matunda ya mchikichi yanayobaki baada ya kukamua mawese, ambayo huwa bado yamenyonya mafuta. Hakuna kiberiti cha dukani kinachoshinda nyuzi hizo. Ziliwaka kwa moto mwekundu, makala yakakauka taratibu juu yake, moja likashika, likaambukiza jingine. Binti alipepea kwa mfuniko wa ndoo mpaka mikono ikamchoka, nikampokea. Mvua ilikuwa ikitupiga migongo.

Maji yalipoanza kusikika chini ya sufuria, nikafungua kopo la chumvi. Tupu. Watoto walikuwa wameimalizia mchana kwenye safu, yale matunda ya zambarau ambayo huchomwa kidogo na kuliwa na chumvi. Hawakumwambia mtu.

Binti akajifunga kitenge kichwani. "Nakimbia kwa jirani, tantine, narudi sasa hivi."

"Wapi?" Sauti ya mama mkwe ilitoka ndani kabla hata mguu wa binti haujagusa tope. "Chumvi haiombwi usiku."

Msomaji wa Unguja au wa Tanga hatashangaa. Huko pia kuna maduka ambayo usiku hayakuuzii sindano wala chumvi. Kwetu amri hiyo iko hai, na mama mkwe aliyekulia upande wa Panga, juu ya mto, haivunji. Anasema anayeomba chumvi usiku anaomba zaidi ya chumvi, na anayetoa anatoa zaidi ya chumvi. Sikubishana naye, na si kwa woga. Katika mji wetu mlango ukigongwa usiku wa manane, wenye nyumba huamka roho mkononi, maana hodi ya saa hizo huleta msiba au mgonjwa. Kumwamsha jirani na watoto wake kwa ajili ya kijiko cha chumvi ni kumnyang'anya usingizi ambao hutaweza kumrudishia. Wazee walioiweka amri hiyo waliujua usiku kuliko sisi wenye tochi za simu.

"Ngoja," mama mkwe akasema. "Nina yangu."

Akatoka na chupa ndogo iliyozibwa kwa gunzi. Ndani mlikuwa na kitu cha kijivu, chenye punje punje, kinachoshikana kwa unyevu. Ilikuwa chumvi ya majivu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chumvi hiyo ndiyo kiini cha kisa. Kabla chumvi ya magunia haijazoeleka katika msitu huu, watu waliitengeneza yao kwa mimea. Mama mkwe hukausha maganda ya ndizi na mashada ya mchikichi yaliyokwisha kutolewa ngazi, huyachoma mpaka yawe majivu meupe, huyaweka majivu kwenye chombo kilichotobolewa chini na kutandikwa majani, kisha huyamwagia maji kidogo kidogo. Maji yanayodondoka ni ya rangi ya chai na huteleza vidoleni kama sabuni. Huyachemsha mpaka yakauke, na kinachobaki kwenye kuta za chungu ndicho hukikwangua na kukitia kwenye chupa. Matumizi yake makubwa ni kwenye sombe na maharage, kuyalainisha haraka. Wenzetu wa Kenya na Tanzania hufanya hivyo hivyo kwa magadi. Ladha yake si ile ya chumvi ya baharini. Ina ukali, na nyuma yake kuna uchungu kidogo, na harufu ya moshi.

Mama alitia kiasi anachotia kwenye sufuria ya sombe. Maji yakageuka rangi ya majani makavu. Nikatia spageti, nikaziinamisha kwa mwiko mpaka zikazama, nikafunika ili makala yale manyonge yasishindwe.

Ikasikika sauti kama ya mtu anayenong'ona. Kisha mfuniko ukainuka wenyewe. Povu likatoka pande zote, zito, la manjano, likashuka kwenye ubavu wa sufuria mpaka ndani ya mbabula, na moto ambao ulitugharimu saa nzima ukazimika mbele ya macho yetu kwa mlio mmoja mrefu. Moshi na mvuke vikajaa baraza. Mtoto mdogo akaamka akilia. Shemeji akatoka ndani mbio, kitambaa kiunoni, akidhani nyumba inaungua, akaiinua sufuria kwa mikono miwili bila kitu, akaitua chini mara moja huku akipiga kelele. Tochi yetu ya sola ikaanza kufifia wakati huo huo, kwa kuwa siku nzima haikuliona jua.

"Usimwage!" mama mkwe akasema. "Usimwage kitu chochote!"

Sababu ya povu nilikuja kuielewa baadaye, na naieleza hapa ili imsaidie mwingine. Wanga unaotoka kwenye spageti hufanya maji yawe mazito na kushika mapovu, hata katika maji ya kawaida. Ukitia kitu chenye asili ya majivu, wanga na protini ya ngano huachia zaidi, na mapovu huwa magumu kupasuka. Ukifunika sufuria, basi.

Nikamweka mtoto mgongoni. Binti akamwaga maji ya mvua kwenye mikono ya shemeji mpaka akasema moto umepungua. Mzee mgeni, ambaye muda wote alikuwa kimya, alichuchumaa kwenye mbabula, akaondoa majivu yaliyolowa kwa kijiti, akachagua makala machache ambayo bado yalikuwa na jicho jekundu ndani, akayapanga karibu karibu juu ya nyuzi mpya za ngazi, akapuliza. Alipuliza polepole, bila pupa, kama aliyekwisha kufanya hivyo porini usiku mwingi. Moto ukarudi. Hakuna aliyempongeza wakati ule kwa sababu kila mtu alikuwa na kazi mkononi, na hilo bado linanisikitisha.

Safari hii sufuria haikufunikwa, nami nikasimama juu yake na mwiko, nikilivunja povu kila linapoinuka. Spageti zilikuwa zimebadilika. Ziligeuka manjano ya kiini cha yai, na nilipouma moja ilinirudishia nguvu chini ya jino, haikupondeka. Kuzichuja kulikuwa na taabu yake. Hatuna chujio, tunashikilia mfuniko na kuinamisha sufuria. Maji yale ya majivu yanateleza, spageti nazo zikateleza, na fungu zima likapita chini ya mfuniko likaangukia topeni kando ya baraza. Bata waliokuwa wamelala chini ya sakafu wakaamka wote. Zilizobaki zilitosha, lakini kwa shida.

Ilibaki kupika mboga. Nikapasha mawese, nikatia vitunguu na pilipili moja nzima, kisha tomati ya kopo. Tomati ilipokutana na spageti zenye chumvi ya majivu, sufuria ilichemka mapovu madogo madogo kwa muda mfupi, kwa kuwa ukali wa tomati na ule wa majivu huuana. Nikaonja. Uchachu wa tomati ulikuwa umetulia, utamu umebaki. Kilichokosekana ni chumvi yenyewe.

Hapo mzee mgeni akakifungua kifurushi alichokivusha mto kichwani. Kilikuwa samaki wa chumvi, makayabo, aliyefungwa kwa nailoni, zawadi aliyokuwa akimpelekea binti yake aliyeolewa. Akakata kipande kikubwa kwa kisu chake.

"Mzee, hiyo ni ya mtoto wako," nikasema.

"Yeye pia angenipikia, mama. Tia."

Mama mkwe akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Kwa kawaida makayabo hulowekwa ili chumvi ipungue. Sisi tulimsuuza mara moja, tukamchambua miiba, tukamtia mbogani hivyo hivyo na chumvi yake. Dakika chache, tukapakua kwenye sinia moja.

Walikula kwa mkono, na sisi tuliokuwa tumeshakula jioni tukala tena. Watoto walioamka kwa kelele walipewa nao. Mzee alikula matonge kadhaa, kisha akaacha kutafuna.

"Ni nani hapa anayetengeneza chumvi ya majivu?"

Mama mkwe akasema ni yeye.

"Bibi yangu alikuwa anaitia kwenye sombe. Alipokufa sikuionja tena. Nilidhani imekwisha duniani."

Wakaanza kuzungumza wao wawili, ganda gani hutoa majivu meupe, mchikichi mchanga au mzee, maji ya mto au ya mvua. Shemeji alilala akiwa ameketi, mikono yake ikiwa kwenye bakuli la maji. Mvua iliendelea hadi karibu na alfajiri.

Tangu usiku ule nimeuliza na kusoma, na nimeona kwamba mama mkwe, bila kutoka Tshopo, aliingia katika njia waliyopita watu wengi mbali sana na sisi. Katika mji wa Lanzhou huko China, wapishi wa tambi za kuvuta kwa mkono wametumia kwa muda mrefu majivu ya mmea wa jangwani ili unga uvutike na kuwa na nguvu. Wajapani hutia kwenye tambi zao za rameni maji yenye chumvi za aina hiyo hiyo, na ndiyo maana tambi zile huwa za manjano na hurudisha nguvu chini ya jino. Ngano ina rangi zilizojificha ambazo hugeuka manjano zikikutana na majivu. Waitaliano nao, wenye spageti zao, wana desturi ya kuzipika usiku wa manane kwa ajili ya marafiki waliochelewa, kwa mafuta, kitunguu saumu na pilipili, vitu ambavyo hata duka lililofungwa haliwezi kukunyima. Somalia, ambako Waitaliano walitawala, baasto, kama wanavyoziita tambi hizo, imekuwa chakula cha kila nyumba, na Waswahili wa Barawa wanaijua vizuri. Hakuna anayewaambia watu hao kwamba wanakula chakula cha watoto.

Na sisi tuna haki hiyo. Spageti zilizopikwa kwa majivu ya ndizi, mawese na makayabo kando ya Aruwimi ni chakula cha Banalia sawasawa na lituma. Hukumu yangu ni hiyo na siibadilishi. Mzee yule aliondoka asubuhi na nusu ya chupa ya mama mkwe, naye mama alianza siku hiyo hiyo kukausha maganda mapya. Binti wa wifi yangu anakaa naye sasa anapoyachoma, na ameandika vipimo kwenye daftari lake la shule, kwa kuwa mama hupima kwa macho na macho hayarithiwi.

Ewe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo bado mama au bibi anayejua kazi hii, iwe Banalia, Bafwasende, Isangi au popote msituni, kaa naye mwaka huu, usingoje mwakani. Na siku utakapojaribu kwa spageti, tia kijiko kidogo tu cha chumvi hiyo, tumia sufuria kubwa, maji yasipite nusu, wala usifunike.